Cabrerets, Kijiji Chini ya Magenge

Nataka tusafiri hadi Ufaransa, lakini Paris tutaipita tu. Tutakwenda stesheni ya Austerlitz, tupande treni ya kusini, na baada ya saa tano hivi tushuke Cahors, mji ambao mto Lot umeuzunguka karibu pande zote. Hapo tutatafuta basi la kwenda Figeac, linalofuata bonde la mto. Tukifika mahali ambapo mto mdogo uitwao Célé unaingia katika Lot, tutashuka, kisha tupande na bonde la huo mdogo kwa kilomita chache. Kituo chetu ni Cabrerets, kijiji cha watu 200 na kitu. Nyumba zake za mawe zimejipanga kati ya mto na genge la mwamba. Katikati ya genge, juu kabisa ya mapaa, utaona kuta za ngome ya kale zilizojengwa kuziba mdomo wa pango. Wenyeji wengine huiita Ngome ya Shetani, wengine Ngome ya Waingereza, jina lililobaki tangu Vita vya Miaka Mia, pale majeshi ya mfalme wa Uingereza na yale ya mfalme wa Ufaransa yalipokuwa yakinyang'anyana mabonde haya.

Nimekichagua kijiji hiki kwa sababu moja. Watu wengi wanaofika upande huu wa Ufaransa huja na gari, hupiga picha, hunywa kahawa, na kabla ya jua kukaza wameshaondoka. Sina neno na picha wala kahawa. Lakini nchi hii haionekani kutoka dirishani mwa gari, na nusu yake iko chini ya ardhi. Asiyeikanyaga kwa miguu yake, kwanza juani halafu gizani, hurudi kwao akiwa ameona mapaa tu.

Tuanzie juu. Ukipanda kutoka bondeni utatokea kwenye nyanda kavu ambazo wenyewe huziita causse. Ni nchi ya mawe ya chokaa. Msikilizaji wa Tanga aliyewahi kuingia mapango ya Amboni ataelewa upesi jambo hili: mvua ikinyesha juu ya mwamba wa chokaa haikai. Hupenya kwenye nyufa, hulila jiwe polepole, hukusanyika chini kwa chini, na kutokea bondeni ikiwa chemchemi. Ndiyo maana huku juu unaweza kutembea asubuhi nzima usikutane na kijito hata kimoja, ilhali chini ya miguu yako maji yanapita. Mialoni ni mifupi, imepinda, na katikati yake kuna mireteni na nyasi ngumu. Mkulima wa zamani aliyetaka shamba ilimbidi kwanza aondoe mawe, na kwa kuwa mawe yalikuwa mengi mno, aliyapanga yakawa kuta ndefu bila chokaa wala saruji, na vibanda vya mviringo ambavyo mchungaji alijificha mvua ikimkuta. Vibanda hivyo bado vimesimama. Ingia kimoja, uinue macho, uone jinsi kila safu ya mawe ilivyoingia ndani kidogo kuliko ile ya chini yake, hadi jiwe moja la mwisho likafunga kilele. Hakuna boriti wala msumari.

Kondoo wa huku nao wana sura yao. Ni weupe, lakini masikio ni meusi na kila jicho limezungushiwa duara jeusi, kana kwamba wamevaa miwani. Wanaweza kuishi kwa nyasi za mahali ambapo kondoo mwingine angekonda, na wakiachwa walishe huzuia vichaka visifunike nyanda. Pamoja na kondoo kuna mbuzi, na maziwa yao hutoa jibini ndogo ya mviringo inayochukua jina la mji wa Rocamadour. Na kuna zao moja litakalowagusa wapishi wa biriani: zafarani. Ililimwa hapa zamani, ikafifia, na katika miaka ya 1990 wakulima wakaifufua. Mwezi wa Oktoba maua ya zambarau hufunguka alfajiri, na ni lazima yachumwe siku hiyo hiyo, moja moja, kwa mkono. Nyumbani watu huketi mezani, na kutoka kila ua hutoa nyuzi tatu nyekundu. Inahitajika kama maua 150 kupata gramu moja iliyokauka. Anayelalamikia bei ya zafarani dukani na akae na wachumaji hao kwa jioni moja.

Njia za miguu hapa ni nyingi, na nyingine ni za kale kweli kweli. Bonde la Célé lenyewe ni tawi la njia ya mahujaji wanaokwenda Santiago de Compostela, kule Hispania. Tangu Zama za Kati wanashuka kutoka Figeac kuelekea Cahors, na mpaka leo utawakuta na mikoba yao mgongoni na kome la baharini limening'inizwa nyuma. Wanapita Espagnac, palipokuwa na nyumba ya watawa wa kike, na Marcilhac, ambako abasia ya Wabenedikti imebaki nusu kanisa, nusu magofu yaliyo wazi kwa anga. Hata usiyeijua nchi hutapotea ukizingatia alama: mistari miwili iliyopakwa kwenye mti au jiwe, mweupe juu, mwekundu chini. Ukikuta rangi hizo hizo zimepakwa msalaba, jua umeshika njia isiyo yako. Rudi nyuma hadi alama ya mwisho uliyoiona. Beba maji ya kutosha. Narudia hili la maji kwa sababu mgeni huona kijani cha bondeni akadhani na huko juu atakuta kisima.

Sasa mtoni. Célé hutoka kwenye milima ya Cantal, na kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 100 huja ukijikunja chini ya magenge. Majira ya joto maji hupungua, mtumbwi ukawa unakwaruza changarawe, na hapo hushuki kuusukuma kwa hasira. Unashuka, unauvuta kwa kamba, maji yakikufika magotini, unaendelea. Hapa na pale utakuta ukuta wa mawe umekatiza mto, uliojengwa zamani ili kusukumia maji kwenye kinu cha kusagia nafaka. Mpiga kasia mgeni asijaribu kuruka kuta hizo kabla ya kuzitazama kutoka ukingoni. Jaketi la uokozi livaliwe na lifungwe, hata pale maji yanapoonekana ya mchezo.

Lot ni mkubwa zaidi, na historia yake ni ya kazi nzito. Kabla ya reli kufika bonde hili katika miaka ya 1880, huu ndio uliokuwa barabara kuu. Matishali yalishuka na mapipa ya mvinyo wa Cahors, na makaa ya mawe kutoka migodi ya juu, kuelekea Bordeaux. Kushuka kulikuwa na hatari zake. Kupanda kulikuwa na jasho. Tishali lilivutwa kwa kamba kutoka ukingoni, na karibu na kijiji cha Bouziès ukingo wenyewe haukuwepo, kwa kuwa genge lilitumbukia majini moja kwa moja. Ndipo kati ya mwaka 1843 na 1847 wakachonga njia ndani ya tumbo la mwamba, kwa patasi na baruti. Mpaka leo njia hiyo ipo. Unatembea ukiwa na jabali kichwani, jabali kushoto au kulia kwako kutegemea umetoka wapi, na upande wa pili maji. Ukipitisha kiganja kwenye ukuta unahisi mikwaruzo ya zana za watu wale. Mahali pamoja msanii Daniel Monnier amechonga juu ya ukuta huo samaki, makombe na viumbe wa majini, kwa urefu wa mita kadhaa, na amefanya vyema kutotumia rangi. Kabla ya kwenda ulizia kwanza ofisi ya utalii kama njia iko wazi, maana mwamba wa chokaa huweza kuporomoka baada ya mvua.

Meli za moshi hazikuua mto huu. Reli ndiyo iliyouua. Mwaka 1926 serikali iliufuta Lot katika orodha ya mito inayopitika, malango yake ya maji yakaachwa yaoze. Kizazi kizima kilikua bila kuona chombo kikipita. Baadaye, mwaka 1990, sehemu ya mto ikafunguliwa upya kwa mashua za matembezi, na sasa unaweza kukodi moja na kupita malango yale yale yaliyopitisha mapipa.

Njia ile ya mwambani hukufikisha Saint-Cirq-Lapopie, kijiji kilichosimama kwenye genge lenye kimo cha kama mita 100 juu ya maji. Mwaka 2012 watazamaji wa televisheni ya Ufaransa walikipigia kura kuwa kijiji wanachokipenda kuliko vyote nchini, na tangu hapo wageni laki kadhaa kwa mwaka humiminika mahali penye wakazi kama 200. Ni kizuri, sikatai. Ila mimi humwambia kila anayeniuliza: pale fika asubuhi na mapema au jioni, na ufike kwa miguu. Vichochoro vyake vilikuwa vya wakereza miti. Walichukua mti mgumu uitwao buis, unaoota kwenye magenge haya, wakaukereza kwa kerezo la kukanyaga kwa mguu, wakatengeneza bilula za mapipa ya mvinyo. Mapipa yaliyoshuka na mto yalihitaji bilula, na bilula zilitoka juu ya genge. Kijiji na mto vilikuwa biashara moja. Tazama milango mipana ya matao iliyo chini ya nyumba: hizo ndizo karakana zao.

Mwaka 1950 alifika hapo mshairi André Breton, kiongozi wa Wasurrealisti. Mahali pakamwingia moyoni, mwaka uliofuata akanunua nyumba, na majira ya joto mengi aliyamalizia pale hadi kifo chake mwaka 1966. Mtu huyo huyo, mwaka 1952, alipanda kwenda kutazama pango la Pech Merle, juu kidogo ya Cabrerets. Mbele ya mchoro wa kale akaingiwa na shaka kama kweli ni wa kale, akanyoosha kidole akausugua. Rangi ikatoka. Palizuka ugomvi, akashitakiwa, na mahakama ikamtia hatiani. Kidole kimoja cha mtu msomi, wasikilizaji, kilitosha kuondoa kilichokaa salama kwa maelfu ya miaka.

Twendeni basi katika pango hilo, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kutoka kijijini ni mpando mfupi lakini mkali. Mwaka 1922 vijana wawili, André David wa miaka 16 na Henri Dutertre wa miaka 15, walitambaa ndani ya nyufa zenye matope chini ya shamba la kina David, wakiwa na taa, mpaka wakatokea kwenye kumbi kubwa ambazo hakuna aliyejua kama zipo. Hawakuwa wazururaji tu. Nyuma yao alikuwepo paroko wa Cabrerets, Padri Amédée Lemozi, mtafiti wa mambo ya kale aliyekuwa akizunguka mapango ya bonde lote na kuwatia moyo vijana watafute.

Ndani kuna baridi ya nyuzi 12 au 13, kiangazi na masika, kwa hiyo chukua sweta hata kama nje watu wanachuruzika jasho. Kamera haziruhusiwi. Mwongozaji hutangulia na kuwasha taa pale tu anapotaka mtazame, akimaliza anazima. Kwanza unaona kazi ya maji: nguzo za mawe, visahani vya jiwe vilivyosimama wima, na vijiwe vya mviringo vilivyoviringishwa na matone mpaka vikawa laini. Mahali fulani mzizi wa mwaloni umetoboa dari na kushuka wima hadi sakafuni, ukitafuta maji ambayo nyanda ya juu haikuyatunza. Niliyowaeleza mwanzoni kuhusu chokaa na ukavu, hapo unayaona kwa macho.

Halafu unafika kwa farasi. Ni wawili, wamegeuziana migongo, na miili yao imejaa madoadoa meusi, ndani na hata nje ya mstari wa umbo. Kichwa cha yule wa kulia kimewekwa pale ambapo jiwe lenyewe lina umbo la kichwa cha farasi. Mchoraji aliliona kwanza, akachora baadaye. Umri wao unakadiriwa kuwa miaka 29,000 hivi. Kuwazunguka kuna viganja vya mikono: mtu ameegemeza mkono ukutani, rangi ikapulizwa juu yake, mkono ukatolewa, kivuli chake kikabaki. Mtafiti Michel Lorblanchet, aliyeyasoma mapango ya nchi hii kwa miaka mingi, alitaka kujua ilifanyikaje. Alichukua mkaa akautafuna, akauchanganya na mate, kisha akatema na kupuliza ukutani kidogo kidogo, akitumia kiganja kuzuia pale alipotaka ukingo uwe mkali. Mchoro ukatoka. Kwa miaka mingi watu walisema farasi wa madoa ni ndoto ya mganga, kwamba hakukuwa na farasi wa namna hiyo. Mwaka 2011 wanasayansi waliochunguza vinasaba vya mifupa na meno ya farasi wa kale wa Ulaya wakaonyesha kuwa farasi wenye madoa walikuwepo kweli. Huenda basi mchoraji alikuwa akichora aliowaona malishoni.

Pango hili ni mali ya kijiji cha Cabrerets chenyewe. Kwa siku huingia watu wasiozidi 700, na akifika wa 701, hata awe ametoka mbali namna gani, haingii. Katika Julai na Agosti lazima uweke nafasi mapema, na wakati wa baridi pango hufungwa lipumzike. Wapo wanaonung'unika. Mimi nasimama na kijiji. Lascaux, kaskazini ya hapa, liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa umati, na kufikia mwaka 1963 pumzi na joto la watazamaji vilikuwa vimeharibu hali ya hewa ya ndani kiasi kwamba serikali ikalifunga. Leo mgeni wa Lascaux anaona nakala. Ni nakala ya ufundi mkubwa, lakini ni nakala. Watu 200 na kitu wa Cabrerets wamejinyima fedha ya leo, na kwa sababu hiyo wewe unasimama mbele ya ukuta wenyewe.

Ndani zaidi, kwenye udongo uliogeuka mgumu, kuna nyayo. Zinaaminika kuwa za mtu wa umri mdogo, aliyepita peku wakati udongo ungali tepetepe. Kisigino kimezama, vidole vimebinya tope.

Sasa nisikilizeni. Miaka michache tu baada ya pango kugunduliwa, alifika Cabrerets mchoraji wa Kiingereza, Erskine Nicol, na mkewe na binti yao wa miaka 12 au 13. Walikuwa wametoka Les Eyzies, ambako binti aliruhusiwa kupekua kifusi cha wachimbaji wa mambo ya kale, akawa anaokota visu vya mawe na kuvipanga kwa aina. Padri Lemozi akamwona ana jicho. Hakumwambia mambo haya ni ya wakubwa. Alimchukua akampeleka Pech Merle na kumwonyesha. Majira ya kuchipua ya mwaka 1926 baba akafariki, na mama akarudi na mwanawe London. Jina la binti lilikuwa Mary. Alipoolewa akawa Mary Leakey.

Mengine mnayajua. Ni yeye aliyeliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai mwezi wa Julai 1959. Na ni kundi lake lililofukua, mwaka 1978, nyayo za Laetoli: viumbe waliotembea wima juu ya majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita. Sisemi kwamba bila Cabrerets asingeziona. Nasema tu kwamba mwanamke aliyeongoza kazi ile alikuwa ameanza udogoni, akiongozwa na mtu mzima aliyejua nini cha kumwonyesha.

Kati ya kazi hizo mbili kubwa na utoto wake ipo nyingine tunayoisahau. Mwaka 1951 Mary na mumewe Louis walipiga kambi Kondoa, naye Mary akanakili michoro ya mwambani ya Kolo, Cheke na Kisese, umbo kwa umbo, kwa miezi kadhaa, na kitabu chake juu ya michoro hiyo kikatoka mwaka 1983. Alikuja kusema kuwa kipindi kile kilikuwa miongoni mwa vilivyompa furaha kuliko vyote maishani. Mwaka 2006 UNESCO iliiingiza michoro ya Kondoa katika Urithi wa Dunia. Haina mlango wa kufungwa. Iko wazi kwa mvua, upepo, moshi na kidole cha mtu.

Basi kwa msikilizaji ambaye nauli ya Ufaransa iko mbali, kuna barabara ya lami kutoka Dodoma kupita Kondoa mjini hadi Kolo. Ukifika uliza ofisi ya mambo ya kale, uchukue mwongozaji, kwa kuwa mawe yametawanyika milimani na pale Mungomi wa Kolo wenyeji bado hufanya matambiko, hivyo hupaendi ovyo. Vaa viatu vya kupandia. Beba maji ya kunywa, na ya kunywa tu, usije ukammwagia twiga wa ukutani ili rangi iwake kwenye simu yako. Na kama nyumbani una mtoto wa miaka 10 au 12, mfungashie sweta na chakula cha njiani, mwende naye.